Mwenye Korongo

Karabai mbili zilikuwa mezani ofisini, na Gurbachan Singh, aliyetengeneza karabai kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa amechagua ile isiyo yake.

"Hii," alisema akiipiga tangi kwa kidole. "Hii iko yangu."

Binti yake Manjit, aliyekuwa akimimina chai, aliivuta ile nyingine akaiweka mbele ya baba yake, kisha akaendelea kumimina. Mzee alivaa miwani, akazitazama tena zote mbili, akaisukuma kando ile aliyoichagua. Wakili Perez Amolo alipokea kikombe chake bila kuinua macho kwenye faili.

Kila karabai ilikuwa na korongo ubavuni, amesimama kwa mguu mmoja. Gurbachan alimchora kwa mkono wake mwaka wa 1959, na tangu hapo wavuvi wa omena hawakuingia ziwani bila Korongo. Sasa Korongo kutoka Uchina walikuwa wamejaa sokoni Kibuye kwa nusu ya bei. Juzi mke wa mvuvi mmoja wa Dunga alikuja hadi langoni na karabai iliyompasukia mumewe usoni. Hakutaka kusikia habari za bandia. Aliona ndege, akajua mlango wa kubisha. Karabai yenyewe ilikuwa bado dirishani, kioo chake cheusi tititi.

"Watu naungua kwa jina yangu, Wakili," Gurbachan alisema. "Funga hiyo kiwanda."

"Kiwanda kiko Uchina, Mzee. Na huko Uchina, Korongo si wako."

Hapa Kenya, aliyeitumia alama ya biashara kwanza ana pa kusimamia. Kule, mwenye alama ni yule aliyetangulia kuisajili, hata kama aliiona jana. Perez alimweleza hayo mwaka wa 1990, ofisini humo humo, kwa chai hiyo hiyo, na Gurbachan akacheka hadi kilemba kikamlegea. Mchina gani angemjua korongo wa Kisumu? Sasa ilikuwa 1993, na mtu fulani alikuwa amemsajili Beijing. Wakala wa mtu huyo, Bwana Liang, alikataa katakata kumtaja.

"Mwizi," alisema Gurbachan.

Kama ni mwizi, alikuwa mwizi wa ajabu. Perez alikuwa amepambana na wanyakuzi wa alama, akajua desturi yao: huomba dola, wakipewa huomba tena. Huyu, aliandika Liang kwa faksi, hakuwa na kiwanda na hakutaka hata senti. Kiwanda cha zile karabai mbovu nacho kilijaribu kumsajili korongo, kikakuta ameshawahiwa. Mwenye hati ya usajili angeweza kukizima kwa saini moja. Alitaka tu kuwa mkurugenzi katika kampuni ya Gurbachan, kwa nusu ya hisa na sauti iliyo sawa na ya mzee.

"Nusu!" Gurbachan aliruka kitini. "Hii kampuni iko ya kijana yangu!"

Kijana alikuwa Leicester akiuza bima, na mara ya mwisho alipopiga simu aliuliza kama Kisumu bado kuna joto.

"Hakuna mwingine nyumbani wa kukusaidia?" Perez aliuliza.

"Nani? Huyu?" Mzee alielekeza kidevu kwenye birika. "Mwaka jana mimi natuma yeye kwa shangazi yake Hong Kong, nanunua nguo ya arusi. Miezi tatu! Pesa yote nakwisha, nguo hakuna!"

Manjit alitabasamu, akamwongezea baba yake sukari. Perez naye alicheka kidogo, kwa adabu, akarudi kwenye faili.

Mwishowe mzee alikubali. Mwenye hati alitaka jambo limalizwe Kisumu, katika ofisi hiyo hiyo, kwa hiyo Perez akapanga viti vinne, viwili kila upande wa meza: wao huku, wageni kule. Liang alifika peke yake, suti imejaa vumbi, akamshukuru Manjit kwa chai.

"Mteja wangu yuko karibu," alisema kwa Kiingereza. "Anaomba Bwana Singh aweke saini kwanza."

Perez aliusoma mkataba. Nafasi ya jina la mkurugenzi mpya ilikuwa wazi.

"Mzee, usitie saini. Humjui huyu mtu. Ukishaandika jina lako, hata kwenye meza hii hatakuomba ruhusa ya kuketi."

Gurbachan alikuwa akiitazama ile karabai ya dirishani.

"Huyo mvuvi," aliuliza, "jicho yake naona?"

"Moja tu," Perez alisema.

Mzee alichukua kalamu akaandika jina lake polepole, kama mtu anayejifunza kuandika. Perez alimwonea huruma hata akashindwa kumtazama. Miaka thelathini na zaidi ya jasho, na sasa nusu yake ilikuwa ikienda kwa mtu asiye na sura.

Liang aliugeuza mkataba, akausukuma hadi mbele ya kiti kitupu kilichokuwa kando yake, akailaza kalamu juu yake.

"Basi, ita yeye," alisema Gurbachan, akiukazia macho mlango. "Mimi nataka kuona uso ya huyo mwizi."

Mlango haukufunguka. Manjit aliitua birika, akapangusa mikono kwa ncha ya mtandio, akazunguka meza hadi kwenye kile kiti kitupu, akaketi, akachukua kalamu.