Amina Iliyowahi

Tangu mataifa makubwa yagawane anga, simu zote za Mirihi zilipitia serikalini. Bi Mwanakombo hakujali. Kila Ijumaa alisema lake, kisha akachagua mchele akingoja jibu la mwanawe Faki aliyeko sayari hiyo, maana huko ni mbali, na sauti huchukua dakika nyingi njiani.

Leo aliinua viganja. "Mungu akurudishe salama, mwanangu."

"Amina, mama!" Faki akaitikia papo hapo, viganja havijashuka.

"Mtandao umeimarika!" mke wa Faki, aliyeketi kando yake, akashangilia.

Sinia la mchele likamporomoka Bi Mwanakombo mapajani. Faki mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba hakuna mtandao unaoishinda nuru mbio.

"Wewe nani?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Tangu Faki ajue kusema, shikamoo yake haijawahi kukosa marahaba. Leo ilikosa.