Mguu wa Leza na Mguu wa Wifi

Mguu wa kulia ulikuwa wa leza. Mguu wa kushoto ulikuwa wa wifi. Mwenye miguu alikaa juu ya kitanda cha wateja, sketi ameikunja hadi magotini, na wanawake watano wamemzunguka kama mashahidi wa ndoa.

"Wembe ni siku ya kumulika tu," alisema wifi yake, mdogo wa mumewe. "Hakuna nta, hakuna dawa, hakuna ujanja. Miezi sita, halafu tuone nani mkweli."

"Tutaona," alijibu, huku akijipepea kwa daftari la miadi.

Wateja walimwita Daktari, ingawa udaktari hakuusomea hata siku moja. Alisomea kuondoa nywele, na cheti chake kilikuwa ukutani, kimefungwa kwenye fremu. Kwa miaka kumi na miwili wanawake walikuja kwenye mashine yake ya leza, kubwa kama friji, wakiwa wamefunika videvu kwa mitandio, wakatoka wakijipapasa na kucheka peke yao.

Kisha wifi akaanza kuuza kifaa cha nyumbani. Kidude cheupe, saizi ya pasi ya kitoto: unakibandika kwenye ngozi, kinamulika, umemaliza. Unajifanyia mwenyewe sebuleni huku unatazama tamthilia. Wateja wakapungua mmoja mmoja. Yule waliyemwita Mama Kidevu alimwambia kinagaubaga, "Daktari, sikuhami kwa ubaya. Lakini kile kidude hakinipangii miadi."

Maneno hayo yalimchoma. "Kile ni tochi," akawa anamwambia kila aliyeuliza na asiyeuliza. "Tochi yenye majivuno."

Habari zikamfikia wifi, wifi akaja juu, wakarushiana maneno mpaka wapita njia wakasimama mlangoni. Mwisho wakakata shauri: kila mashine na mguu wake. Ikionekana kile kidude ni tochi, wifi aache kukiuza. Ikionekana si tochi, Daktari ashushe kibao cha saluni.

Mguu wa kulia aliupiga leza mwenyewe, kwa mkono uliozoea. Mguu wa kushoto aliumulika wifi kila Jumamosi, akihesabu kwa sauti ili asije akaambiwa ameruka mahali.

Mwezi wa tatu mguu wa kulia ukawa mweupe kabisa, hauna hata unywele. Daktari akataka kupiga vigelegele. Akautazama wa kushoto. Nao ulikuwa vilevile.

Tangu hapo hakuwa na raha. Akawa mkali kwa kila mtu. Joto lilimpanda ghafla katikati ya kazi, akawasha feni na wateja wakaomba mashuka. Asubuhi alijichora nyusi kwa wanja mwingi kuliko zamani, akijiambia kwenye kioo, "Huyu wifi atanimaliza."

Mwezi wa nne wifi alisafiri wiki tano, akamwachia kifaa pamoja na imani yake yote. Daktari alikifungia kabatini. Hakukigusa hata mara moja. Ni kweli haikuwa haki, lakini aliyekuwa anapoteza kazi ya maisha yake ni yeye, si wifi. Aliusubiri mguu wa kushoto uote kama mtu anayesubiri mvua.

Haukuota. Ukazidi kulainika.

"Kile kitu kina nguvu jamani," alimnong'oneza mumewe. "Kinafanya kazi hata kikiwa kabatini!"

Mumewe aliinua macho kwenye gazeti, akalitazama kabati, akafungua ukurasa wa michezo.

Siku ya hukumu Mama Kidevu alikuja na miwani mbili, ya kwake na ya mumewe. Akainama, akapapasa mguu wa kulia, akapapasa wa kushoto, akarudi tena wa kulia.

"Mapacha," akasema.

Daktari aliteremka kitandani. Angeweza kubisha, maana ulimi anao. Lakini kosa la wiki tano lilikuwa linamsuta, na mbele ya kosa hilo kushindwa kulikuwa nafuu. "Nilisema ni tochi," alisema. "Nimekosa." Akatoka nje na kiti, akapanda, akakishusha kibao kwa mikono yake mwenyewe. Wifi, aliyeusubiri ushindi huo miezi sita, ndiye aliyelia.

Mashine ya leza ilichukuliwa na saluni ya mji mwingine. Daktari akaingia kazini kwa wifi, na hakuna aliyewahi kuuza kile kidude kama yeye. Hakuhitaji maneno mengi. Alisimama mbele ya watu kwenye ukumbi wa kukodi na kusema, "Mimi ndiye niliyekitukana," kisha akapandisha sketi upande wa kushoto. Wanawake walipanga foleni.

Ukumbi ulijaa pomoni siku ambayo mama yake mzazi, aliyekuwa anakaa mbali, kwa kaka zake Daktari, alikuja kumwona kazini kwa mara ya kwanza. Walimpa kiti cha mbele. Daktari alisimulia kisa chote, leza, wifi na kibao, akapandisha sketi. Ukumbi ukapiga makofi.

Mama hakupiga. Aliusogelea ule mguu, akaupapasa kuanzia goti hadi kifundo, uso ukamchanua.

"Kumbe na wewe nywele zimeshakuishia!" alisema, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. "Mimi pia ziliniishia nilipofika umri wako huu huu, na bibi yako vilevile." Akapandisha gauni lake hadi magotini, ukumbi mzima ukaona. "Wala hatukuwahi kumulikwa na kitu, mwanangu, isipokuwa jua."