Dirisha Lisilofungwa

Msumari wa tatu ulikuwa haujazama bado aliposikia mlango wa chini ukisukumwa. Mzee hakugeuka. Alikuwa amepiga goti ghorofani, misumari mdomoni, anaziba kwa mbao dirisha la nyumba yake mwenyewe.

"Mzee wangu, tena?" Mkuu wa ofisi ya hifadhi ya mji alipanda ngazi akihema, viatu vinang'aa. "Tulikubaliana nini?"

"Nyie ndio mlikubaliana. Mimi nilikuwa nimekaa tu."

Mkuu akamtoa nyundo mkononi taratibu, kama mtoto anavyonyang'anywa kisu. "Dirisha hili limo kwenye kila picha ya mji. Wageni wanakuja kumwona bibi akiwapungia mkono. Ukilifunga watakuja kuona nini, paka?"

"Nataka mke wangu apumzike."

"Sote tunataka. Lakini mji una utaratibu wake." Akang'oa misumari mmoja mmoja, akaitia mfukoni. Hata misumari, ya kwao. "Haya, vaa koti. Wageni wamefika."

Koti lenyewe halikuwa lake. Ofisi ndiyo iliyomletea, la kizamani, limetiwa viraka makusudi. Kazi yake ilikuwa kutangulia mbele ya wageni na mkongojo asiouhitaji, apendezeshe matembezi yao.

Wakatoka. Mji ulikuwa safi mpaka unatisha. Milango yote buluu, kwa amri. Kuanika nguo nje, marufuku. Kwa mwoka mikate palikuwa na mikate ya plasta. Mwoka mwenyewe alishahamia kwenye vibanda vya mabati huko nje ya mji. Kwa kinyozi kilibaki kiti, na wembe ndani ya sanduku la kioo. Kila aliyeondoka, ofisi ilipaka chokaa nyumba yake na kubandika kibao. Wakubwa walizipenda kuta. Watu walikuwa vumbi tu, la kufagia.

Mzee naye angekuwa ameshaondoka zamani. Lakini wakubwa hao hao walishapitisha sheria: anayehama anaondoka na nguo alizovaa, basi. Vilivyomo ndani ni mali ya mji. Kitanda, sufuria, kitana cha mke wake, na kile kitambaa cha kichwa cha manjano alichomnunulia wakiwa bado wachumba. Awaachie hata hicho? Thubutu.

Seremala, kaka wa mkewe, alikuwa mlangoni kwake anapiga randa ubao.

"Shemeji! Koti hilo umemvua maiti gani?"

"La bosi wako hilo. Muulize yeye."

Wageni wakapiga picha randa. Seremala akainama, akashusha sauti. "Umewaambia tena?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamenichukulia nyundo."

Seremala akapuliza vumbi la mbao. "Dada yangu hakupenda kutazamwa hata siku ya harusi yake. Mimi mtaa ule sipiti siku hizi, shemeji. Siwezi kuinua macho pale."

"Wewe una pa kupitia pengine," mzee alisema. "Mimi nalala mle."

Kona ya mwisho ikawarudisha mtaani kwake. Mama anayeongoza wageni, mwenye sauti kama redio ya jirani, akanyoosha mkono juu.

"Na hapa, wageni wetu, ndipo penye wapenzi wa mji huu! Bwana anarudi kutoka matembezini, bibi anamngoja dirishani. Hivyo hivyo, tangu ujana wao!"

Dirisha lilikuwa wazi, mbao zake zimeegemezwa ukutani. Mwanamke mwenye kitambaa cha manjano akachomoza, akaegemeza shavu kiganjani, akapunga mkono polepole. Simu zikainuka zote kwa pamoja.

"Mpungie na wewe, baba!"

Mzee akasimama kama kigingi. Ng'ambo ya mtaa, mkuu wa hifadhi akakohoa, kikohozi cha mtu asiyeumwa. Misumari ikalia mfukoni mwake.

Mzee akainua mkongojo.

Makofi yakalipuka. Mgeni mmoja alikuwa anajifuta machozi. "Mungu atujalie na sisi," alimwambia mumewe.

Mzee akaingia, akaufunga mlango wa buluu nyuma yake, akapanda ngazi akijishika ukutani. Safari hii mkongojo aliuhitaji.

Mwanamke alikuwa ameshaondoka dirishani. Alikifungua kitambaa cha manjano, akakikung'uta, akakitundika kwenye ndoano yake, kisha akavaa viatu vyake vya kuendea nyumbani.

"Shikamoo, mzee. Mimi zamu yangu imekwisha," alisema. "Yule wa jioni ni mgeni kazini, anauliza: marehemu alikuwa akipunga kwa mkono upi?"