Jina la Baba Rukia

Mama Rukia, fundi mitambo wa redio ya mji, alitaka kuzima kwa mpigo vipindi vyote vinavyoendeshwa na kompyuta, ili aisafishe. Akaandika amri ya kuzima, kisha "sauti-" na kinyota mwishoni, maana kinyota husimama badala ya jina lolote. Kituo kizima kikanyamaza.

Alipomaliza, akaandika amri ya kuwasha kwa kinyota kile kile. Kimya. Hapo ndipo alipokumbuka: kinyota huwaona walio macho tu, aliyelala sharti aitwe kwa jina lake.

Akaviita kimoja kimoja. Sauti-habari. Sauti-taarabu. Sauti-watoto. Vikaamka.

"Mama Rukia, saa sita hiyo inakaribia," mtangazaji alichungulia mlangoni. "Vyote vimerudi?"

"Bado kimoja, mwanangu."

Kilichobaki ni kile cha kutaja saa, kwa sauti ya marehemu mumewe, aliyekipa jina lake mwenyewe. Tangu waoane hakuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa Baba Rukia, basi. Lakini mashine haimjui Baba Rukia.

Akaandika "sauti-". Akageuka kutazama kama mlango umefungwa, kisha midomo yake ikaanza kulijaribu jina, polepole.