Firigisi ya Baba Mkwe

Bata mzinga wa mwitu walipoletwa milima ya Makete, kila mmoja alitiwa chembe ya chuma mwilini, na risasi za msimu wa uwindaji ziliifuata zenyewe popote ilipo. Kuwachinja kabla ya msimu kulikatazwa.

Tunsume alimchinja mmoja. Baba mkwe alikuja bila taarifa, na kuku hakuwa naye. Alipekua shingo na mabawa, chembe hakuiona, akapika. Firigisi akamtengea mzee, kama heshima inavyotaka.

“Mwanangu, hukuiosha? Ina kokoto!” mzee alicheka. “Basi, nimeshaimeza.”

Tunsume alielewa kokoto ile ni nini, lakini aliona aibu kukiri kwamba amemlisha mkwe nyama ya wizi.

Asubuhi, msimu ulipofunguliwa, alimsindikiza hadi njiani. Bunduki ya kwanza ikalia bondeni.

“Baba!” aliita. Mzee akageuka.

“Unisalimie mama,” Tunsume akasema.