Swali la Saba

Mama Pasi aliitupa karatasi ya mtihani mezani, mbele ya mkufunzi.

"Nani aliandika swali la saba?"

"Mimi, mama," alisema mkufunzi, mkono wa kulia umo mfukoni kama kawaida yake. Wiki nzima ya mafunzo ya usalama hakumpa mtu mkono. Alisalimia kwa kichwa tu, kisha akawasha video. Maringo hayo yalimkera Mama Pasi kuliko hata mtihani wenyewe.

Na mtihani ulimkera, usiseme. Miaka ishirini na sita anapiga pasi mashuka ya hoteli kwa mashine ya silinda, leo afeli kwa alama moja? Aliyefeli harudi kazini Jumatatu, na yeye alibakiza mwaka mmoja astaafu.

Swali lilikuwa hili: shuka likijikunja silinda ya moto inapozunguka, ufanye nini kwanza? Alijibu: linyooshe upesi kwa vidole. Jibu lao eti ni kuzima mashine.

"Ukizima, shuka linaungulia humo," alisema. "Mimi sikufundishwa na video. Nilishikwa mkono, nami nikashika mikono ya wenzangu. Kazi hii huingia kwa vidole. Nimefundisha watu thelathini, mafundi watupu. Wewe umewahi kunyoosha hata shuka moja?"

"Hao thelathini, hakuna aliyeumia?"

"Mtaka cha mvunguni huinama." Mama Pasi akasonya. "Zamani sana alikuja kijana mmoja, kazi yake kudeka. Silinda ilimbana vidole kidogo tu, kilio mpaka getini. Nikampaka dawa ya meno, nikamwambia aache uvivu, amalize zamu. Akamaliza. Kesho yake hakutokea, hata kuaga hakuaga. Shukrani ya punda mateke."

Mkufunzi alilisoma tena swali la saba, kisha akaisukuma karatasi kando.

"Uliniuliza kama nimewahi kunyoosha shuka," alisema. "Nilinyoosha kwa siku tatu. Shikamoo, mwalimu."

Akautoa mkono wa kulia mfukoni, akampa. Mama Pasi aliupokea kwa mazoea, kabla hajautazama. Kilikuwepo kidole gumba tu.