Futi Tano Nukta Kumi

"Mrudisheni juu," Kibwana alisema kutoka ndani ya kaburi. "Haenei. Shimo ni fupi."

Mwili ukarudishwa kwenye jeneza, sanda ikiwa imeshika udongo. Mwalimu Shaweji akahisi macho yote yakimgeukia, pamoja na ya wanafunzi wake wa fizikia waliokuja kumzika baba yake.

Asubuhi Ami Mbaruku alikuwa amempima marehemu. "Futi tano na inchi kumi," alisema. "Nikate ufito wa kimo chake, wachimbaji wapelekewe?"

Shaweji alimjibu kwamba mambo ya ufito yamepitwa na wakati. Akaandika 5.10 kwenye simu, akageuza futi kuwa sentimita, akawatumia wachimbaji jibu zima na desimali zake: 155.448.

Sasa, ukingoni mwa kaburi, ndipo alipoliona kosa. Inchi kumi si nukta kumi; futi moja ni inchi kumi na mbili. Kosa hilo hilo hulizungushia wino mwekundu kila muhula.

"Tulifuata namba yako, Mwalimu," Kibwana alisema, bila ukali. "Marehemu alikuwa mrefu kama nani?"

Shaweji alitamani kusema hajui.

"Kama mimi."

Akavua viatu, akashuka, akalala kwa ubavu ndani ya mwanandani, pale pale alipotakiwa kulazwa baba yake. Magoti yalibaki yamekunjwa.

"Nyoosha kadiri tunavyochimba," Kibwana alimwambia.

Jembe likaanza kupiga karibu na nyayo zake. Udongo wa baridi ukamwangukia vidoleni, naye hakuthubutu kuuvuta mguu.